Tanga nalo lataka nguo

Kusi likichafua bahari, kuanzia Lamu hadi Vanga mashua huvutwa pwani na tanga hufungwa kwenye foromali. Hapo ndipo linapoharibika: jua hula nyuzi, unyevu huleta koga. Karatasi ya plastiki haifai, kwani hufungia jasho ndani.

Shona mfuko wa turubai la pamba. Pima urefu wa tanga lililokunjwa, lizungushie kamba upate unene, kisha ongeza shubiri moja ya pindo. Tumia uzi wa poliesta. Wa pamba huoza mapema. Upande wa chini usiushone, utie vikamba vya kufungia ili hewa ipite.

Kabla ya kulifunika, suuza chumvi kwa maji matamu, ulianike likauke. Tanga bovu huchanika siku ya upepo, watu wakiwa baharini.