Mvulana wa Turkana na jamaa wa Makueni aliyemwona

Ukiwa mtoto ushago, iwe ni Kikima au kijiji kingine chochote cha milima ya Mbooni, lazima uliambiwa usinyooshee kaburi kidole, kitaoza. Ukisahau ukakinyoosha, unakiuma haraka. Mambo ya wafu hayaguswi ovyo.

Sasa pata picha ya kijana Mkamba, mzaliwa wa Makueni hiyo hiyo, ambaye hakupita shule ya msingi. Mwaka ni 1960, na kuna kazi kwa akina Leakey huko Olduvai, Tanganyika: kutafuta mifupa. Watu wengi wa rika lake waliona hiyo ni kazi ya kufukua makaburi. Kamoya Kimeu akaenda.

Pengine hujawahi kulisikia jina lake, na si kosa lako. Vitabu vya historia vya shuleni vinajaa Leakey huyu na Leakey yule. Lakini kuna macho yanayoona kile mtu mwingine atakanyaga akipita, na ya Kimeu yalikuwa hayo. Agosti 1984, karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kikosi kilikuwa kimepumzika. Yeye akaamua kutembeatembea kando ya mto mkavu. Kati ya kokoto nyeusi akaona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, rangi yake karibu sawa na mawe yenyewe. Walipochimba hapo wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mtu mmoja aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ndiye tunayemwita Mvulana wa Turkana.

Hebu fikiria: hakuna jina, hakuna nguo, hakuna hata jiwe la kaburi. Utajuaje alikuwa nani?

Unaanza na nyonga, ambayo iliwafanya wataalamu wakadirie kwamba ni mvulana. Mfupa wa paja unakupa urefu, karibu sentimita 160. Miguu ni mirefu, umbo la mtu wa kutembea mbali kwenye jua kali. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni chali wa sekondari anarudi nyumbani.

Umri wake ndio ulizua mjadala. Ukilinganisha mifupa yake na ya mtoto wa leo, utasema ana miaka 12 au 13. Lakini meno yanasema kingine. Jino hukua tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiacha mstari, na mistari hiyo huhesabika kwa darubini. Ilipohesabiwa, jibu likawa kama miaka 8. Nane! Ina maana watu wa aina yake walikua mbio. Huu utoto mrefu wetu, wa kulelewa na kufundishwa hadi ndevu ziote, huenda hawakuupata. Mwanzoni wataalamu walisema angeishi angefika futi sita. Baadaye wengine wakasema alikuwa amebakisha kidogo tu kumaliza kukua. Wapo pia waliodai kutokana na uti wake wa mgongo kwamba hangeweza kuongea, wakapingwa. Mifupa haidanganyi, lakini msomaji wake hukosea, na binafsi napenda kwamba wanakubali kubishana hadharani.

Halafu kuna taya. Pale jino la utotoni lilipong'oka, mfupa una alama za usaha. Baadhi ya wataalamu wanaamini maambukizi hayo yaliingia kwenye damu yakamuua. Kama umewahi kulala macho kwa sababu ya jino, hapo humsomi tena kama kisukuku.

Hakuna aliyemzika. Alizama kwenye tope la kinamasi, basi. Ukitaka kuona tofauti, nenda pwani, kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Humo walipatikana mabaki ya mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa laini mno hadi ikabidi ifunikwe kwa plasta na kubebwa pamoja na udongo wake. Jinsi ilivyokaa ilionyesha kwamba mtoto alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, mwili umefungwa kwa kitu, na kichwa kimeegemezwa juu ya kitu kama mto ambacho kilioza zamani. Watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Hatujui mamake alimwitaje.

Kimeu alifariki Julai 2022. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, kilikuwa kimempa shahada ya heshima ya udaktari. Kuna nyani wawili wa kale wenye jina lake, mmoja akiitwa *Kamoyapithecus*.

Mvulana wake yuko Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, mwendo wa matatu tu kutoka katikati ya jiji. Ukienda, anza na taya.