Pesa za Kupima kwa Mizani

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo twende Italia ya kale, enzi ambazo pesa haikuhesabiwa, ilipimwa kwa mizani.

Hapo mwanzo Warumi hawakuwa na sarafu. Utajiri wao ulikuwa mifugo. Hata neno lao la pesa, pecunia, limezaliwa na pecus, yaani mifugo. Pamoja na mifugo walikuwa na mabonge ya bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati. Sheria zao za karne ya 5 KK zilikadiria faini hivi: kondoo mmoja ratili 10 za shaba, ng'ombe mmoja ratili 100. Ratili ya Roma ilikaribia gramu 325. Basi aliyetozwa ng'ombe akaamua kulipa shaba, alibeba zaidi ya kilo 32!

Baadaye mafundi wakasubu vipande vinene kama matofali, vyenye picha. Kimoja nakipenda kupita vyote: upande huu tembo, upande huu nguruwe. Mwaka 280 KK mfalme Pyrrhus aliwapiga Warumi kwa tembo wa vita, wanyama ambao hawakuwahi kuwaona. Ikasimuliwa kwamba majitu yale yalikimbia yaliposikia nguruwe wakilia.

Karne hiyohiyo ikaja sarafu ya duara, jina lake as. Haikugongwa kwa nyundo. Bronzi iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Sarafu moja, ratili nzima! Iliyokuja kujulikana zaidi ina Janus, mungu wa nyuso mbili, na nyuma yake omo ya merikebu. Ndogo zake zilitiwa vitone: theluthi vinne, robo vitatu, sudusi viwili. Asiyejua kusoma alihesabu kwa kidole.

Kisha Hannibal, jemadari adui wa Roma, akaivamia Italia mwaka 218 KK. Vita vilikausha hazina, na as ikapungua, ikapungua tena, hata ilipofika mwaka 211 KK hivi imebaki sudusi ya ratili. Sasa ilikuwa nyepesi ya kutosha kugongwa kwa nyundo, na watoto wa Roma wakairusha juu wakibashiri: vichwa au merikebu?

Kitone kimoja kilimaanisha uncia, sehemu ya 12 ya ratili. Neno hilo lilipita kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likashuka pwani yetu. Sonara akikupimia dhahabu, bado analitamka: wakia.