Bima ya Mstaafu: Fungu Lisilolipwa na Kampuni

Mfanyakazi anapostaafu hukabidhi funguo za ofisi na kupokea kiinua mgongo chake. Siku hiyo hupoteza pia, aghalabu bila ya kuhisi, bima ya matibabu aliyokuwa akilipiwa na mwajiri. Kwa miaka mingi alionyesha kadi tu akatibiwa. Sasa ada ni yake kuilipa, na hati ni yake kuisoma; na katika hati hiyo kuna sharti moja ambalo huwashtua wazee wetu wakiwa tayari wamo wodini.

Sharti hilo ni kiasi cha kujilipia kwanza. Ni fedha ambazo mgonjwa huzitoa mfukoni mwake kabla ya kampuni kuanza kulipa. Baadhi ya hati huongeza sharti la pili, la kuchangia asilimia fulani ya kinachobakia.

Tuchukue mfano. Mzee amelazwa, na hesabu ya hospitali imefika shilingi 150,000. Hati yake inamtaka ajilipie kwanza shilingi 20,000, kisha achangie asilimia 10 ya salio. Salio ni shilingi 130,000, na asilimia 10 yake ni 13,000. Kwa hivyo mzee atatoa shilingi 33,000, na kampuni 117,000. Bima haikumdanganya, lakini kama hakuiweka akiba hiyo, wanawe watalazimika kukopa usiku huohuo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi mstaafu akubali sharti kama hilo? Ni kwa sababu kadiri anavyokubali kujilipia zaidi mwanzoni, ndivyo ada ya mwaka inavyopungua. Kwa mwenye akiba na afya ya wastani, huenda mapatano hayo yakamfaa. Kwa anayelazwa mara kwa mara kwa kisukari au shinikizo la damu, ada nafuu yaweza kuwa ghali mwisho wa mwaka.

Kabla ya kutia saini, yaulizwe haya. Je, kiasi hicho hulipwa mara moja kwa mwaka, au kila mgonjwa anapolazwa? Je, kinahusu mtu mmoja au mume na mke kwa pamoja? Maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga yataanza kulipiwa baada ya muda gani? Na ukomo wa umri ni upi? Maswali haya yawahusu pia wanaochagua takaful, kwani kuchangiana kwa misingi ya sharia hakuondoi masharti ya hati.

Upande wa serikali, SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyekuwa na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, ukikusanywa kwa mwaka. Mstaafu asidhani kwamba makato ya zamani kazini yanaendelea kumlinda, wala kwamba mchango wa mwanawe aliyeajiriwa unamfunika yeye. Kaya yake husajiliwa peke yake. Usajili hufanyika kwa simu kupitia *147#.

SHA haina kiasi cha kujilipia kwanza, ila ina viwango maalumu. Katika viwango vya mwanzo vya mpango huo, kulazwa hospitali ya daraja la nne kulilipiwa shilingi 3,360 kwa siku, na daraja la tano 3,920. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, tofauti huwa juu ya mgonjwa. Kwa hivyo kabla ya kumlaza mzee, aila iulize: SHA italipa kiasi gani, na sisi tutabakiwa na nini?

Akiba haiozi, wahenga walisema. Kiinua mgongo kikiingia, kabla ya kuezeka nyumba au kununua tuktuk, litengwe fungu lililo sawa na kiasi cha kujilipia, lisiguswe ila kwa ugonjwa. Na mzee asilifiche jambo hili. Mmoja wa watoto ajue hati iko wapi na fedha zile ziko wapi, kwani siku ya kuugua, huenda mwenyewe asiweze kusema.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya njema na mwisho mwema. Amin.