Kinena kikiuma unaposujudu

Wapo wanaoumwa kinena kila wanapochuchumaa chooni, wanaposujudu au wanapokaa tahiyatu. Kwa mkulima wa pamba wa Ipililo, mkoani Simiyu, ni rahisi kudhani ni uchovu wa jembe tu.

Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, huzunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Baadhi ya watu wana kinundu shingoni mwa mfupa huo, au ukingo wa kikombe umezidi. Paja likikunjwa sana mifupa hugongana na gegedu huumia. Mwaka 2003 Dk. Reinhold Ganz wa Uswisi na wenzake walieleza kuwa mgongano huo huweza kuharibu kiungo.

Si kila mwenye kinundu huumwa. Lakini maumivu yasipokwisha, usikimbilie kuchuliwa. Nenda hospitali upigwe eksirei. Bugando, Mwanza, ni hospitali ya rufaa ya kanda. Wengi hupata nafuu kwa mazoezi ya tiba na kupunguza mikao inayoumiza. Baadhi huhitaji upasuaji.

Na swala? Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama. Basi anayeweza asimame, na sijda aiashirie akiwa kitini. Tusimcheke kijana anayeswali kwenye kiti.