Imani na Kujiamini Katika Kazi Ngumu

Katika madarasa ya siasa swali hili huulizwa mara nyingi: je, kada anayetakiwa kuchambua mambo kisayansi anahitaji imani? Imani tunayoizungumzia hapa si ya dini, ambayo ni hiari ya kila mtu. Ni imani ya watu juu ya uwezo wao wenyewe wa kubadili hali yao.

Tuchukue mfano wa Reli ya Uhuru. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba, 1965, Zambia ilihitaji njia ya kusafirishia shaba bila kuwategemea wao. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Hesabu hiyo ilipima mizigo na nauli. Haikupima gharama ya kuendelea kunyongwa na adui. Tanzania na Zambia zilishikilia lengo lao, na mwaka 1967 China ikakubali kusaidia kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Kufikia mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imefika Kapiri Mposhi, baada ya kupenya milima mikali kati ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki na madaraja.

Tunajifunza nini?

Kwanza, imani haichukui nafasi ya hesabu. Huamua ni mambo gani yahesabiwe, kisha wapimaji na mafundi hufanya kazi yao.

Pili, kujiamini si kukataa msaada. Ni kuchagua lengo wenyewe, ndipo msaada utafutwe kulitimiza.

Tatu, na hili ndilo husahauliwa, imani inayoishia siku ya uzinduzi ni nusu ya imani. Reli hiyo haikuwahi kufikisha tani milioni mbili kwa mwaka zilizokusudiwa. Ushindani wa barabara na wa njia za kusini ulichangia. Lakini uhaba wa injini na udhaifu wa matengenezo navyo viliidhoofisha.

Kada asiye na imani huona vikwazo tu. Mwenye imani bila mpango huwachosha wananchi kwa ahadi. Kwa hiyo, kila tunapohamasisha kazi ngumu, tujiulize mapema nani ataitunza itakapokamilika. Penye nia pana njia. Lakini njia isiyopaliliwa huota majani.