Ufunguo Kabla ya Ngozi

Drams zikianza kusikika vibaya kanisani, kikao cha kwaya huwa na jibu moja: watu wachange, mmoja apande gari aende mjini akanunue ngozi mpya. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Ngozi huchakaa, hakuna ubishi, na ipo siku lazima ibadilishwe. Lakini ngozi iliyonunuliwa leo na kufungwa ovyo kesho haitapishana sana na ile iliyotupwa, na ngozi kuukuu iliyokazwa kwa utaratibu mara nyingi huishinda mpya iliyokazwa kwa haraka. Kwa mazingira ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na hata ya vitongoji vya Lilongwe, mji mkuu, ujuzi wa kufunga na kukaza una thamani kuliko ngozi yenyewe, na ndio unaostahili kutangulia kwenye bajeti ya kwaya.

Tuanze na gharama, kwa kuwa ndiyo inayoibana Dzaleka kuliko kitu kingine. Kambi hii iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, ikakusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, kisha Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na ibadani. Safari ya mjini si jambo la kuamka na kwenda. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na duka la Lilongwe likawa mbali kuliko kilomita zinavyosema. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha: dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Ngozi za drams hutoka ng'ambo, kwa hiyo bei yake hufuata dola. Kwaya inayobadilisha ngozi kila sauti inapoyumba inalipia kosa ambalo ufunguo mdogo wa chuma wa kukazia bolti ungelimaliza kwa nusu saa.

Na muziki wenyewe upo kwa wingi. Dzaleka ndiko lilikozaliwa tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki wa Kikongomani aliyekuwa mkimbizi hapohapo. Mwaka huo pia UNESCO iliitia ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ngoma hiyo ya Kirundi ina funzo kwa mpiga drams. Ngozi yake ya ng'ombe huwambwa ikiwa mbichi na kushikiliwa na vigingi vya mti kuuzunguka mdomo wa mzinga. Ikishakauka imekauka, na mwambaji hana bolti ya kumwokoa. Lazima apatie tangu mwanzo. Mpiga drams amepewa nafasi ya kurekebisha kila siku, na pengine ndiyo sababu anaichezea.

Kinachoitwa ngozi kwenye drams si ngozi tena tangu miaka ya 1950. Kabla ya hapo, drams za jazi za Marekani na Ulaya ziliwambwa ngozi ya ndama, na mpigaji alikuwa mtumwa wa hali ya hewa: unyevu ukizidi ngozi inalegea, ukavu ukizidi inakaza hata kupasuka. Ndipo ikaja plastiki aina ya Mylar, ya ukoo mmoja na chupa za soda, na katika miaka ya 1956 na 1957 Chick Evans na Remo Belli, kila mmoja kwa njia yake huko Marekani, wakaifanya bidhaa ya dukani. Ni kitu chembamba kuliko mtu anavyodhani. Ngozi ya kawaida ya juu ina unene wa robo milimita. Ile ya chini ya snea, ngoma fupi yenye nyaya chini yake, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kupanda au kushuka kwa sauti ya ngozi huamuliwa hasa na mambo matatu: upana, uzito, na jinsi ilivyovutwa. Upana umeshaamuliwa na kiwanda kilichotengeneza ngoma. Uzito unaamuliwa dukani siku ya kununua. Mvuto tu ndio ulio mikononi mwa mpigaji, nao una nguvu kubwa: sauti inayotaka kupanda oktavu moja inadai mvuto mara 4 ya ule wa mwanzo. Mwenye kununua ngozi bila kujua kuivuta amelipia kitu kisichoweza kufanya kazi chenyewe.

Kwa nini mvuto usiolingana huharibu sauti? Ngozi ikigongwa haitetemi kwa namna moja. Kuna mtetemo wa ngozi nzima kupanda na kushuka pamoja, na kuna ule ambao nusu moja inapanda wakati nusu ya pili inashuka. Huu wa pili, ngozi ikiwa imevutwa sawasawa, una kasi ileile popote mpaka kati ya nusu hizo utakapopita. Upande mmoja ukivutwa kuliko mwingine, unagawanyika kuwa mitetemo miwili yenye kasi zinazokaribiana bila kulingana. Hukutana na kuachana, na sikio husikia mlio unaoyumba. Ndio mlio ambao kwaya huutibu kwa kubandika plasta na vipande vya kitambaa juu ya ngozi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, nao walikuwa wakiwasema watu. Ila anayekaza bolti moja baada ya jirani yake, akizunguka rimu, ile duara ya chuma inayoibana ngozi, kama saa, anatenda hilo neno kwa neno. Ngozi inakuwa imeelekea alikoanzia, na bolti za upande wa pili zikifikiwa zinakuta hakuna cha kuvuta.

Kazi yenyewe ni hii. Ngozi kuukuu ikitolewa, kinachobaki wazi ni ukingo wa mzinga, ule mdomo uliochongwa kwa mshazari ambao ngozi huuegemea. Hufutwa kwa kitambaa kikavu, kisha kidole kinapitishwa kuuzunguka polepole, kwa kuwa palipo na pengo au mbonyeo ufunguo hautasaidia kitu. Ngozi mpya ikilazwa juu inapaswa kuzunguka bila kukwama; ikikwama, ama pete yake imepinda ama mzinga umepoteza uduara, na ni heri kulijua hilo kabla ya kukaza. Rimu inafuata, na bolti zote zinazungushwa kwa vidole tu mpaka zishike. Hapo ndipo ufunguo unaingia: nusu mzunguko kwenye bolti moja, kisha ile inayotazamana nayo ng'ambo, kisha nyingine, kila mara ukivuka katikati. Makunyanzi yakishatoweka, kiganja kinabonyeza katikati kwa nguvu ya kiasi ili ngozi ikae vizuri ukingoni. Ngozi nyingine hulia kama inayopasuka wakati huo. Mara nyingi ni gundi ya pete inayojinyoosha, na wengi huogopa wakaishia hapo, ngozi ikiwa haijakaa. Baada ya hayo ni kazi ya masikio. Ngoma inawekwa juu ya blanketi ili ngozi ya chini inyamaze, kidole kinagusa katikati, na kijiti kinagonga kwa upole upana wa vidole viwili kutoka kila bolti. Iliyo chini inapandishwa robo robo. Iliyo juu inalegezwa mpaka ivuke lengo kwa chini, ndipo ipandishwe, kwa sababu bolti iliyomalizia kwa kulegezwa huendelea kulegea yenyewe. Ngozi ya chini hutendewa vivyo hivyo: ikilingana na ya juu mlio hudumu zaidi, ikizidi kidogo mlio huwa mfupi, na tomu nyingi hupenda hivyo.

Wapo watakaosema drams haina noti, basi ya nini kuitafutia sauti kama gitaa. Ni kweli kwamba milio ya ngozi ya duara haipangiki kama ya uzi: mlio wa pili uko juu ya wa kwanza kwa mara 1.59, si mara 2 kamili kama kwenye gitaa. Ndiyo maana hakuna haja ya kuilinganisha tomu na kinanda. Kinachotakiwa ni ngoma ikubaliane na nafsi yake, kila bolti na mwenzake, na tomu ndogo iwe juu ya kubwa kwa umbali ambao msikilizaji anautambua. Hilo halihitaji mtu aliyesoma muziki.

Hoja ya fundi mitambo ni nzito zaidi. Ukiwa na maikrofoni na mikseri nzuri, sauti mbaya hupunguzwa makali, na jukwaani hufanyika hivyo. Lakini katika makanisa mengi ya kambini drams hazina maikrofoni, umeme si wa kutegemea, na bati la paa hurudisha kila mlio mkali kichwani mwa waumini. Hata palipo na mitambo, mlio unaoyumba ukipazwa unayumba kwa sauti kubwa.

Mwingine atauliza kwa nini tusiwambe ngozi ya mbuzi tukaachana na dola. Swali zuri, na Lilongwe ina ushahidi wake: Madalitso Band, watu wawili waliopiga mitaani mwa jiji hilo kwa miaka, walifika tamasha la WOMAD Uingereza mwaka 2019 wakiwa na babatoni (besi ndefu ya uzi mmoja), gitaa na ngoma ya mguu ya ngozi ya ng'ombe. Ngoma moja ya ngozi ni rahisi kuitunza, hata kuipasha moto kabla ya kupiga. Seti nzima ni habari nyingine. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwa zimeshika, snea ya ngozi halisi ingelegea katikati ya ibada, na Septemba ingekakamaa. Plastiki hainywi unyevu. Tukiri hata hivyo kwamba haikwepi kila kitu: jua kali huilegeza kidogo, na Tumaini mara nyingi limefanyika karibu na mwanzo wa Novemba, joto likiwa bado kali, kwa hiyo drams zilizolinganishwa kivulini asubuhi zinastahili kupitiwa tena kabla ya kupanda jukwaani. Bolti nazo hulegea kwa mtikisiko wa barabara.

Fedha zikipatikana, mpangilio wa matumizi ni rahisi. Kwanza funguo mbili, mmoja ufungwe kwa kamba kwenye kiti cha mpigaji, kwa sababu ukipotea watu hushika plaizi, na plaizi hula pembe za bolti mpaka hata ufunguo mpya hauzishiki. Pili ngozi ya juu ya snea, inayopigwa kuliko zote, na kwa kanisa lenye wapigaji watatu au wanne ni bora ichukuliwe ya tabaka mbili: mlio wake ni mfupi kidogo, lakini huvumilia zaidi. Tomu na ngoma kubwa ya mguu zifuate. Ngozi za chini, ambazo kijiti hakizigusi, zinaweza kungoja mwaka mwingine.