Mwalimu Asistaafu na Ujuzi Wake

Mwalimu wa kandanda aliyelea vijana wa Moshi miaka mingi anastahili zawadi na hotuba siku ya kustaafu. Sisi tunasema hayo hayatoshi. Yafaa aache mrithi.

Iten, nchini Kenya, Peter Foster, mwalimu wa riadha wa sekondari ya Mtakatifu Patrick, kabla ya kuondoka alimshirikisha Bruda Colm O'Connell, aliyefika mwaka 1976 kufundisha jiografia, asiyejua riadha. Katika mikono ya mrithi huyo walipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki Seoul 1988, na David Rudisha, London 2012.

Maofisa elimu, bara na visiwani, wapangieni walimu hao wasaidizi mapema. Mkulima wa kihamba hukata mgomba uliokwisha kuzaa, chipukizi likiwa limesimama kando.